Nyutro Ikikatika: Kwa Nini Breka Haishtuki Huku Vyombo Vinaungua

Katika jengo lenye umeme wa njia tatu, yaani waya tatu za laivu zinazoleta umeme na nyutro moja ya kuurudisha, laivu moja ikikatika theluthi ya jengo inazimika, watu wanalalamika na fundi anaitwa. Nyutro ikikatika, mara nyingi hakuna kinachozimika. Taa za chumba kimoja zinafifia, za chumba cha pili zinawaka kwa mwanga mkali kupita kawaida, feni inazunguka kama inataka kung'oka darini, na muda si mrefu televisheni inatoa moshi. Ukifungua bodi unakuta breka zote ziko juu, hakuna hata moja iliyoshtuka.

Wengi husema "umeme umekuja mwingi" na kumlaumu mwenye transfoma. Wakati mwingine ni kweli. Lakini vyombo vikiungua upande mmoja wa jengo huku upande wa pili umeme ukiwa hafifu kwa wakati huohuo, mtu wa kwanza kuchunguzwa ni nyutro.

Tuanzie kwenye transfoma. Upande wa umeme mdogo kuna koili tatu. Ncha moja ya kila koili inatoka kama fezi, yaani laivu, na ncha nyingine tatu zinafungwa pamoja. Hapo pamoja ndipo nyutro inapoanzia, na hapohapo hufungwa kwenye ardhi. Kati ya fezi moja na nyutro kuna volti 230, kati ya fezi na fezi kuna volti 400. (Kenya wengi bado wanataja 240 na 415, mambo ni yaleyale.) Nyutro ina kazi mbili. Ni njia ya kurudia mkondo, hilo kila mtu analijua. Kazi ya pili husahaulika: ndiyo inayoshikilia kila fezi kwenye volti 230 zake, hata kama mizigo ya fezi hizo hailingani. Ikiachia, volti 400 zilizo kati ya fezi na fezi zinabaki palepale, na vyombo vya wateja vinagawana zenyewe kwa zenyewe.

Njia moja: giza lenye umeme ndani yake

Nyumba ya njia moja ina waya mbili tu kutoka kwenye nguzo, laivu na nyutro. Nyutro ikikatika kabla ya bodi, kila kitu kinazima, na vyombo kwa kawaida haviungui. Hatari iko kwa mtu. Laivu haijaondoka. Inapita kwenye balbu iliyoachwa imewashwa, kwenye friji, kwenye pasi, inatokea upande wa pili na kusimama kwenye nyutro isiyo na pa kwenda. Waya ambao jana ulikuwa na volti sifuri leo una volti 230 dhidi ya ardhi.

Ndiyo maana tesita ya bisibisi inawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi huku hakuna kinachofanya kazi. Dalili hii huwachanganya hata mafundi wenye uzoefu kidogo, wanaodhani laivu mbili zimeingiliana. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: zima swichi zote, chomoa kila kitu, kisha pima tena tundu la nyutro. Tesita isipowaka, laivu ilikuwa inafika huko kupitia kifaa, na nyutro imekatika nyuma yake. Ikiendelea kuwaka, kuna kifaa hujakichomoa, au kweli waya zimegusana mahali.

Anayeshika nyutro hiyo akiamini ni salama anakuwa yeye ndiye njia ya kurudi ardhini. Mwili uliolowa ukiuhesabu kuwa na ukinzani wa omu 1,000, volti 230 zinapitisha karibu miliampea 230. Breka ya ampea 16 hailijui hilo. Kwake hizo ni karibu robo ya ampea, kama balbu moja ya zamani ya wati 60. Kwa moyo wa binadamu ni nyingi mno. RCD za nyumbani, ambazo mafundi wengi bado wanaziita ELCB, hutengenezwa zikate mkondo unaovuja ukifika miliampea 30 kwa sababu hiyo.

Njia tatu: nani anapata volti ngapi

Chukua jengo la fremu tatu za biashara, kila fremu imepewa fezi yake. Ya kwanza ni saluni: draya na pasi ya nywele, wati 2,000. Ya pili ina mashine ya kutoa kopi na taa, wati 1,000. Ya tatu ni wakala wa kutuma fedha: taa, feni ndogo, chaja za simu, wati 200. Nyutro ikiwa nzima, kila mmoja ana volti 230 na hana habari na jirani yake.

Nyutro ya pamoja inakatika kwenye bodi kuu. Ukipiga hesabu kwa kuchukulia vyombo vyote kama mizigo ya ukinzani mtupu, saluni inabaki na volti kama 139. Fremu ya kopi inapata 262. Wakala anapata 329. Na nyutro yenyewe ndani ya jengo, ile inayoaminika kuwa salama, inaelea kwenye volti 112 dhidi ya ardhi.

Angalia aliyeumia: ni mwenye mzigo mdogo kuliko wote. Kadiri unavyotumia umeme kidogo ndivyo unavyoangukiwa na volti nyingi, kwa sababu kifaa chenye wati chache kina ukinzani mkubwa, na ukinzani mkubwa ndio unaobeba sehemu kubwa ya volti. Ndiyo maana usiku chaja ya simu na king'amuzi vinaungua kwenye chumba ambacho mwenyewe kalala, wakati jirani anachemsha maji.

Hali mbaya zaidi ni fezi mbili kubaki peke yake. Birika la wati 2,000 kwenye fezi moja na wati 100 za taa na televisheni kwenye fezi nyingine, nyutro hakuna: volti 400 zinapita kwenye vyote viwili kwa mfuatano. Birika linapata volti 19, halichemshi kitu. Taa na televisheni zinapata 381. Mwenye birika anaweza kuondoka akidhani birika lake limekufa.

Volti hizo hazitulii pia. Kila mtu akiwasha au kuzima kitu, mgawanyo unabadilika. Vyombo vya fezi yenye mzigo mdogo vikiungua na kukata njia, fezi mbili zilizobaki zinagawana 400 upya: kwenye mfano wetu saluni itakuwa na 133 na fremu ya kopi 267.

Ndani ya vyombo kinachotokea ni hiki. Chaja na televisheni nyingi za kisasa zimeandikwa 100 hadi 240, na mlangoni zina kapasita ya volti 400 au 450. Volti 329 za kwenye mita zina kilele cha volti 465 hivi. Kapasita inavimba, inapasuka, na harufu yake utaijua. Upande wa volti chache nako si salama. Kompresa ya friji ikipewa volti 139 inashindwa kuanza kuzunguka, inanguruma, inavuta mkondo mkubwa wa kuanzia bila kukoma, na koili zake zinapikika ikiwa kinga yake ya joto imechoka. Anayesema "kwangu umeme ulikuwa mdogo tu" anaweza kuamka na friji lililokufa.

Breka haishtuki kwa sababu breka huhesabu ampea, na hapa ampea ziko chini ya kiwango chake au zimepungua kabisa. Inangoja mkondo kupita kiasi, na tatizo lililoingia ni la volti.

Ganda la friji likiwa na umeme

Hapa ndipo watu hufa, na ndipo mazoea mabaya ya ufundi yanapojulikana.

Mfungo wa kawaida kwa nyumba nyingi za kwetu ni nyumba kuwa na rodi yake ya ethi iliyochimbiwa ardhini, isiyounganishwa na nyutro ndani ya nyumba. Katika mfungo huo nyutro ikikatika nje, maganda ya chuma ya vyombo hayapati umeme kwa sababu hiyo. Lakini kuna soketi ambazo fundi, baada ya kukuta nyumba haina ethi, amefunga kipande cha waya kutoka skrubu ya nyutro hadi skrubu ya ethi humohumo ndani ya soketi. Tesita inaridhika, mwenye nyumba anaambiwa ethi ipo. Siku nyutro inapokatika, laivu inapita ndani ya friji, inafika kwenye nyutro, inavuka kile kipande cha waya na kuingia kwenye mlango wa friji. Mtoto anayefungua mlango huo akiwa peku kwenye sakafu yenye maji anashika volti 230. Ukikuta kipande hicho cha waya kwenye soketi yoyote, kitoe kabla ya kufanya kingine, kisha uitafute ethi ya kweli.

Kuna mifumo ambayo kampuni ya umeme yenyewe huunganisha nyutro na ethi ya mteja kwenye sehemu ya kuingilia, kwa masharti na kwa rodi za ziada kwenye nguzo. Huo ni mfumo halali, ila nao una udhaifu huohuo: nyutro ya nje ikikatika, kila chuma kilichofungwa ethi ndani ya nyumba kinapanda volti, pamoja na mabomba na hita ya kuogea. Na hapa RCD haioni kitu. RCD hulinganisha mkondo wa laivu na wa nyutro unaopita ndani yake. Katika hali hii mkondo unaingia kwa laivu, unatoka kwa nyutro ukiwa kamili, halafu unageukia kwenye ethi baada ya kuipita RCD. Hesabu yake inalingana hata kama mtu ananing'inia kwenye bomba.

Kuna RCD nyingine zisizofaa kwa sababu tofauti. Zile za kielektroniki, mara nyingi za bei nafuu, zinahitaji umeme wa laivu na nyutro ili saketi yake ya ndani ifanye kazi. Nyutro ikikatika kabla yake, RCD yenyewe imekufa huku laivu ikipita. Ukiibonyeza kitufe cha kujaribia haikati. Unaponunua, tafuta isiyotegemea volti za laini. Karatasi yake ya maelezo husema.

Njia nyingine ya mkato ni kuchukua nyutro ardhini: nyutro ya nguzo imekufa, fundi anaifunga nyutro ya nyumba kwenye rodi ya ethi, taa zinawaka. Hesabu inatisha. Rodi yenye ukinzani wa omu 20, ambayo wengi wataiita nzuri, ikifuatana na birika la wati 2,000 lenye omu 26 hivi, inapitisha karibu ampea 5, na juu ya rodi hiyo panakuwa na volti 99. Kila chuma chenye ethi ndani ya nyumba kina volti hizo 99, na udongo unaoizunguka rodi nao una umeme. Mbuzi aliyefungwa hapo karibu yumo hatarini. Mita nyingi za malipo ya kabla pia hulinganisha mkondo wa laivu na wa nyutro, zikaona hapo kuna wizi wa umeme.

Inakatikia wapi

Sehemu ya kwanza ya kutilia shaka ni kebo ya kutoka nguzoni. Nyingi ni konsentriki: laivu katikati, nyutro ni nyuzi nyembamba za alumini zinazoizunguka. Ganda la nje likipasuka kwa jua au kukwaruzwa na tawi, maji yanaingia na kuzila nyuzi za nyutro kwanza, kwa kuwa ndizo ziko nje. Pwani, kuanzia Mtwara hadi Mombasa na visiwani, hewa ya chumvi huharakisha kazi hiyo. Alumini ikifungwa moja kwa moja na shaba panapopata unyevu, alumini huliwa. Kuna konekta maalumu za metali mbili kwa ajili hiyo, na gharama yake haifiki hata robo ya bei ya king'amuzi.

Sehemu ya pili ni skrubu. Alumini hubonyea polepole chini ya mgandamizo, skrubu iliyokazwa leo inaweza kuwa imelegea mwakani. Kiungo kilicholegea kikawa na ukinzani wa nusu omu tu, ampea 20 zikipita hapo zinapoteza volti 10 na kutoa wati 200 za joto ndani ya kisanduku cha plastiki. Kiungo hicho kitaungua chenyewe kabla ya kukatika. Ukiona plastiki ya njano-kahawia karibu na nyutro, au ukisikia mlio wa kukaanga, umefika.

Katika mabadilisho ya jenereta tatizo ni swichi yenyewe. Swichi ya kubadili ya njia tatu lazima nyutro yake ishike kabla ya fezi na iachie baada yake. Ya bei rahisi, au iliyochakaa upande wa nyutro, inaacha fezi tatu zikiwa hewani bila nyutro kwa sekunde moja au zaidi kila umeme unapokatika. Vyombo vinavyokufa "kila tukiwasha jenereta" vitafute hapo. Fyuzi kwenye nyutro nayo ni kosa la kale: ikiungua hiyo peke yake, umejitengenezea nyutro iliyokatika.

Rangi za waya zinaongeza utata. Nyumba za zamani zilifungwa kwa mfumo wa Kiingereza: laivu nyekundu, nyutro nyeusi, ethi kijani, fezi tatu nyekundu, njano na bluu. Waya za sasa ni laivu kahawia, nyutro bluu, ethi kijani na njano. Fezi tatu kahawia, nyeusi na kijivu. Maana yake nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi, na bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Jengo lililoongezwa vyumba linaweza kuwa na mifumo yote miwili kwenye bodi moja. Pima, usiamini rangi.

Katika ofisi na majengo yenye kompyuta na taa za LED nyingi, nyutro ndogo ina adui mwingine. Mikondo ya mawimbi ya tatu ya vifaa hivyo, yaani inayojirudia mara tatu ya kasi ya umeme wa kawaida, haifutani kwenye nyutro, hujumlishana, na nyutro inaweza kubeba mkondo kuzidi fezi. Kupunguza unene wa nyutro ili kuokoa hela hapo ni kujitafutia moto.

Kupima

Tumia multimita ya volti za AC yenye daraja la usalama la CAT III, 600 V au zaidi. Pima sehemu tatu kwenye soketi. Hali nzuri: laivu na nyutro 230, laivu na ethi 230, nyutro na ethi sifuri au volti chache. Nyutro iliyokatika katika nyumba ya njia moja, kifaa kikiwa kimewashwa: laivu na nyutro karibu na sifuri, laivu na ethi 230, nyutro na ethi karibu 230. Vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, multimita ya dijitali inaweza kuonyesha volti za kupotosha kwenye waya unaoelea, 60 au 90 hivi. Washa balbu halisi ya nyuzi kwanza.

Kwenye njia tatu, kati ya fezi na fezi utakuta 400 kote, kwa hiyo anayepima hapo tu ataondoka akisema umeme ni mzima. Pima kila fezi dhidi ya nyutro. Zikitofautiana sana, mwambie mtu awashe birika kwenye fezi moja huku ukiangalia fezi nyingine. Fezi yenye birika kushuka kidogo ni kawaida, laini inaweza kuwa ndefu. Fezi nyingine kupanda, tuseme kutoka 235 hadi 250, urefu wa waya wa kawaida hauleti kiasi hicho. Ni nyutro, na bado haijakatika kabisa, umeiwahi.

Ukiona dalili hizo, zima meinswichi kwanza, si kuchomoa kimoja kimoja huku nyumba ina volti 300. Usiguse bomba wala hita ya kuogea. Tatizo likiwa kabla ya mita au kwenye mita yenye sili, ni la TANESCO, ZECO au Kenya Power kulingana na ulipo, na uwaambie wazi kwamba nyutro imekatika. Ripoti ya "umeme mdogo" hungoja foleni. Ndani ya nyumba, kazi ni ya fundi mwenye leseni ya mdhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania Bara au EPRA kwa Kenya.

Kinga inayofaa

Stabilaiza si kinga ya hali hii. Nyingi hufanya kazi kati ya volti 140 na 260 hivi, juu ya hapo nyingine hukata na nyingine huungua. Kifaa cha kuzuia radi nacho ni mtego: vidonge vyake vya kawaida vimepangiwa volti 275 za kudumu, vikipewa 329 kwa dakika kadhaa vinapata moto, wakati mwingine moto wa kweli.

Kinachofaa ni rilei ya volti za juu na za chini, inayofungwa kwenye bodi kwa kila fezi, ya ampea 40 au 63 kulingana na meinswichi. Iweke ikate juu ya volti 260 au 265 na chini ya 180 hivi, na isirudishe umeme mpaka dakika tatu zipite ili kompresa zipumue. Vile vifaa vidogo vya kulinda friji hufanya kazi hiyohiyo kwa soketi moja. Katika nyumba ya kupangisha yenye njia tatu, rilei moja ya fezi tatu kwenye bodi kuu inalinda wapangaji wote kwa gharama ya chini kuliko friji moja.

Wakati wa kurekebisha, kila saketi ipewe skrubu yake kwenye baa ya nyutro, na nyutro ya chumba kimoja isiazimwe chumba kingine. Anayezima breka ya chumba chake atakuta nyutro yake bado inabeba mkondo wa jirani. Usisokote waya na kuzungushia tepu. Kaza, kisha vuta waya kwa mkono. Unapofunga anza na ethi, kisha nyutro, laivu mwisho. Unapofungua anza na laivu. Kabla ya kurudisha vyombo, washa meinswichi vyombo vyote vikiwa vimechomolewa, pima kila fezi dhidi ya nyutro na nyutro dhidi ya ethi, chomeka balbu na birika kwanza, pima tena, halafu ndipo friji na televisheni.